Nahodha akiona watu wanazama akapita zake: sheria inambana au ni utu wake tu?

Chifu wa Zamu

Wakuu, salaam. Huko kwenye magrupu ya WhatsApp nimekuta watu wanabishana kwamba meli ikipita karibu na boti iliyopinduka na isisimame, nahodha hana kosa, eti kuokoa ni hisani. Mmoja kaandika kwa kujiamini kabisa: "Bahari haina mwenyewe, kila mtu na roho yake." Nimeona nilete hapa, kuna nafasi ya kuandika kirefu.

Jibu fupi: inambana. Na inambana nahodha mwenyewe, hata kama mwenye meli au aliyeikodi hataki.

Sasa kirefu. Mkataba wa SOLAS, ule wa usalama wa maisha baharini, sura ya 5 kanuni ya 33, unamtaka nahodha ambaye meli yake iko katika nafasi ya kusaidia aende kwa kasi yote mara tu anapopata taarifa, kutoka chanzo chochote, kwamba kuna watu hatarini baharini. Si lazima iwe MAYDAY, mwito wa dharura wa redio, kwenye chaneli 16. Roketi, moshi, ndege iliyopita juu ikatoa taarifa, mvuvi anayepunga shati, yote yanahesabika. Na anasaidia bila kuuliza uraia wao, hadhi yao wala wamefikaje pale. Mhamiaji asiye na karatasi na mtalii mwenye yoti ni mamoja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 98, unasema jambo hilohilo na kuweka mpaka: asaidie kadiri anavyoweza bila kuiweka meli yake, mabaharia au abiria wake kwenye hatari kubwa.

Akiona hawezi, au kwenda hakuna maana kwa sababu meli nyingine zimeshafika, anatakiwa aandike sababu kwenye logibuku, kitabu cha kumbukumbu za meli, na kuwajulisha watu wa uokoaji. Kukaa kimya tu haimo kwenye orodha.

Mbishi wa Mbagala

Mkuu heshima yako, lakini hizo ni sheria za makaratasi. Saa nane usiku katikati ya bahari, nahodha akipita zake nani atajua? Shahidi ni papa.

Chifu wa Zamu

Mbishi, siku hizi meli kubwa ina AIS, mtambo unaotangaza jina, mahali ilipo, mwelekeo na kasi, na njia hiyo inahifadhiwa. Juu yake kuna VDR, kile kisanduku kinachorekodi sauti za briji (chumba cha usukani), rada na redio. Ofisa akisema "Kapteni, kuna watu kule" na kapteni akajibu "endelea", maneno hayo yamo ndani. Halafu kuna mabaharia wenyewe. Meli ina watu ishirini na kitu, na yule mpishi uliyemnyima likizo ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema.

Hata zamani mambo yalijulikana. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912 meli iitwayo Californian ilikuwa imesimama kwa sababu ya barafu, si mbali na Titanic. Maofisa wa zamu waliona roketi nyeupe zikipanda. Wakamjulisha nahodha Stanley Lord, aliyekuwa amejipumzisha chini. Akauliza kama ni ishara za kampuni fulani, akaagiza wamulike kwa taa ya Morse. Mtu wa redio alikuwa amelala na hakuna aliyemgongea mlango mpaka alfajiri.

Carpathia ya nahodha Arthur Rostron ilikuwa umbali wa maili 58. Ilipopata ujumbe kwa redio ikageuza papo hapo. Rostron akafunga mvuke wa kupasha joto vyumba vya abiria ili wote uende kwenye injini, akaongeza walinzi wa kuangalia barafu, akapita katikati yake gizani na kuokoa watu zaidi ya 700. Uchunguzi wa Uingereza ulisema Californian nayo ingeweza kusogea na kuokoa wengi, pengine wote. Lord hakushtakiwa, ingawa Uingereza ilikuwa tayari na sheria ya 1911 iliyofanya kutosaidia kuwa kosa la jinai. Kampuni ilimwachisha kazi, na mpaka leo watu wanalumbana juu yake.

Kwa maoni yangu yule bwana hakuwa na roho mbaya. Aliridhika mapema mno na maelezo yaliyomruhusu kuendelea kulala.

Wakili wa Pwani

Uzi mzuri. Naongeza jambo ambalo wengi hulipita. Mkataba wa kimataifa hauendi moja kwa moja kumkamata nahodha. Unaibana nchi ya bendera, yaani ile meli iliposajiliwa, na nchi hiyo ndiyo inayotakiwa kutunga sheria yenye adhabu. Uingereza, nahodha asiyesaidia anaweza kufungwa hadi miaka 2. Marekani nayo inafika miaka 2, na faini yake ni dola 1,000, hela ambayo leo hainunui hata kipuri kimoja cha maana.

Sasa chukua meli ya mwenye mali Mgiriki, bendera ya Liberia, nahodha Mhindi, mabaharia Wafilipino. Imewapita watu bahari kuu. Huko nje meli iko chini ya nchi ya bendera yake. Je, kuna mwendesha mashtaka atakayetafuta mashahidi walioko Manila kwa ajili ya wavuvi wa Mafia? Wajibu upo, adhabu ipo, lakini kesi za aina hii ni chache mno ukilinganisha na malalamiko ya mabaharia na manusura. Kwa hiyo Mbishi hajapotea kabisa, ila kosa lake ni kudhani kwamba kisichoshtakiwa si kosa.

Binti Kisauni

Wakuu, mimi niko upande wa makarani wa meli hapa Mombasa. Swali langu ni la pesa. Meli inachoma mafuta tani kwa tani, mzigo una tarehe, mteja anangoja. Kapteni akigeuza akapoteza siku mbili, nani analipa? Na wale waliookolewa wanadaiwa chochote?

Wakili wa Pwani

Dada, waliookolewa hawadaiwi hata senti. Mkataba wa uokoaji wa 1989 umesema wazi kwamba mtu aliyeokolewa maisha halipi. Ukiokoa meli au mzigo, hapo ndipo kuna tuzo, na hutolewa tu ukifanikiwa.

Kuhusu mteja kulalamika, kuna kesi ya Uingereza ya 1880, Scaramanga dhidi ya Stamp, bado inafundishwa. Meli Olympias ilikuwa imebeba ngano kwenda Gibraltar. Njiani ikakutana na meli iliyoharibika. Watu wake wangeweza kuchukuliwa tu, lakini wakakubaliana kuivuta kwa malipo. Olympias ikaacha njia yake kuivuta, ikakwama, ikapotea pamoja na ngano. Mahakama ikasema: kuacha njia ili kuokoa maisha ni halali, mwenye mzigo hana la kudai, kuacha njia ili kujipatia tuzo ya mali ni juu yako. Mwenye meli akailipa ngano. Baadaye kanuni za The Hague za 1924 zikapanua, kuokoa mali nako hakuhesabiwi kuvunja mkataba wa usafirishaji.

Mafuta, chakula na gharama za bandari zinazotokana na kuwapeleka watu nchi kavu kwa kawaida hubebwa na P&I, zile klabu za bima za wenye meli. Asikudanganye mtu kwamba kampuni inafilisika kwa kuokoa wavuvi kumi. Shida huanza pale watu hao wanapokataliwa kushuka, na bima haina dawa ya hilo.

Mwanakwerekwe

Assalaam aleikum. Mie nauliza kwa upande wetu wa Visiwani. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander I ilipozama katika mkondo wa Nungwi, waliotoka mwanzo ni wavuvi na watu wa boti za watalii. Ripoti ya tume ilitaja waliokufa na waliopotea zaidi ya 1,500. Wale wavuvi walikuwa na ngalawa na mashine ndogo, hawana SOLAS wala hawaijui. Je, wajibu huo ulikuwa juu yao pia, au walifanya kwa imani yao tu?

Chifu wa Zamu

Wa aleikum salaam sheikh. Sura ya 5 ya SOLAS haikuandikwa kwa meli kubwa peke yake kama zilivyo sura nyingine, na ibara ya 98 inataja nahodha wa meli bila kuweka kipimo cha urefu. Lakini ukubwa unaingia kwenye lile sharti la hatari. Ngalawa ya watu watatu ikisogea kwenye kundi la watu mia wanaohangaika majini, itashikwa pande zote na kupinduka. Mtu wa ngalawa anayekaa kando, akatupa kamba na madumu matupu na kupiga simu, kaishatimiza lake. Waliofanya zaidi ya hapo usiku ule walitoa zaidi ya wanachodaiwa na sheria yoyote.

Mzee Serahangi

Vijana, mimi nimestaafu, nilikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha. Mnasema "asimame aokoe" lakini hamjasema kazi yenyewe ilivyo. Meli ya mita 200 iliyoshiba mzigo haisimami kama daladala. Unakata injini na bado inateleza maili moja na ushei. Na ukiiendea boti ndogo vibaya, wewe ndiye utakayeizamisha.

Safari moja tulikuwa tunapandisha kutoka Durban kwenda Mombasa, kusi limepamba moto. Ofisa wa zamu akaona kitu cheusi kinatokea na kupotea kwenye mawimbi. Mashua ya wavuvi, mashine imekufa, tanga wamelifanya kivuli. Kapteni akaizungusha meli taratibu mpaka mashua ikawa upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, ubavu wetu ukawa ukuta na maji yakatulia kidogo. Tukateremsha ngazi ya kamba na wavu.

Sasa sikiliza. Kutoka maji mpaka sitaha ni ghorofa mbili na nusu. Mtu aliyekaa na kiu siku kadhaa hana mikono ya kupanda. Na mashua inapanda na kushuka na wimbi. Ngazi unaishika wimbi likiwa juu kabisa. Ukiishika likiwa chini, mashua inakuja juu na kukusaga miguu kwenye chuma. Tuliteremka mimi na kijana mmoja wa Kifilipino, tumefungwa kamba viunoni, tukawa tunampitishia kila mmoja mkanda chini ya makwapa, wenzetu juu wanavuta.

Wa mwisho alikuwa nahodha wao, mtu mzima. Akakataa kupanda mpaka nyavu zake zipande kwanza. Kapteni anafoka huko juu kwenye briji, mzee wa watu anazikunja nyavu pole pole. Basi tukazivuta nyavu, ndipo akakubali. Mpishi akawapa maji kwa kijiko na uji mwepesi, kidogo kidogo.

Ofisi ikapiga simu kuuliza kwa nini tumechelewa. Kapteni akawaambia sababu imeandikwa kwenye logibuku na yeyote aje aisome. Wakakata simu.

Mbishi wa Mbagala

Shikamoo Mzee. Hiyo ya nyavu nimecheka mpaka basi. Lakini je, wakati ule wa maharamia wa Kisomali? Unaona boti inapunga mkono, kumbe wana bunduki.

Mzee Serahangi

Marahaba. Tuliogopa, sitasema uongo. Miaka ya 2008 hadi 2012 ukiona boti ndogo mbali na pwani unaongeza mwendo kwanza, maswali baadaye. Wavuvi wa kweli waliumia sana kwa hilo.

Chifu wa Zamu

Sheria haimlazimishi nahodha kuwakabidhi mabaharia wake kwa watekaji. Ila hofu haimfungulii mlango wa kukaa kimya. Anabaki mbali, anaangalia kwa darubini, anaongea nao kwa redio kama wanayo, anawaita wanamaji, anatoa taarifa kituo cha uratibu wa uokoaji. Kwa maji yetu kuna kituo cha kanda cha Mombasa tangu 2006, na Dar es Salaam kuna kituo chini yake. Anaweza hata kuwaangushia chelezo na maji ya kunywa bila kuwasogelea.

Mtu wa Kalemie

Bonjour wandugu. Niko Kalemie, Ziwa Tanganyika. Huku boti zinazama kila mara na meli zinapita. Hizo sheria zinafika kwetu?

Wakili wa Pwani

Ndugu yangu, mkataba wa 1982 ni wa bahari, ziwa halimo. Kwenu ni sheria ya nchi ambayo chombo kimesajiliwa na nchi yenye maji pale tukio lilipotokea, na Tanganyika ina nchi nne. Sitaki kukujibu juu juu. Fungua uzi wake, tutauchambua.

Chifu wa Zamu

Niingie kwenye kilichonifanya nifungue uzi, maana bado sijakifikia. Tukio la Tampa.

Agosti 2001. Tampa, meli ya makontena ya Norway, imetoka Fremantle inakwenda Singapore. Nahodha ni Arne Rinnan. Kituo cha uokoaji cha Australia kinaita: kuna boti ya mbao, Palapa 1, imekufa mashine kaskazini ya Kisiwa cha Christmas. Tarehe 26 anafika. Boti ya mita 20, ndani kuna watafuta hifadhi 433, wengi wao kutoka Afghanistan, wakiwemo wanawake wajawazito na watoto. Anawapandisha wote. Meli yake ina mabaharia 27 na vifaa vya kuokolea vya watu 50. Watu wanalala sitahani, kati ya makontena.

Mwanzo akaelekea Indonesia. Waliookolewa wakaja juu, wakamwambia wakirudishwa huko watajitosa baharini. Akageuza kuelekea Kisiwa cha Christmas, ambacho ndicho kilikuwa karibu. Australia, ambayo ndiyo iliyomwita, ikamwambia asiingie kwenye maji yake. Akasimama nje ya mpaka huku watu wanaharisha na wengine wanazimia. Tarehe 29 akatangaza kwamba meli yake yenyewe sasa iko hatarini, akaingia. Makomandoo wa Australia wakapanda melini. Mwisho watu wakahamishiwa kwenye meli ya kivita, wengi wakapelekwa Nauru na wengine wakachukuliwa na New Zealand.

Mwaka 2002 Rinnan, mabaharia wake na kampuni yao wakapewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Heshima nzuri. Lakini jiweke kwenye kiti chake. Asipogeuza, ni mhalifu. Akigeuza, anabaki na watu zaidi ya 400 ambao hakuna bandari inayowataka, meli haina leseni ya abiria, na serikali iliyompigia simu inamtumia askari.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: sheria imembana nahodha kotekote na kuwaachia mawaziri mlango wa nyuma. Mkitaka kujua kwa nini manahodha wengine "hawaoni" boti, msianze na roho zao. Anzeni na bandari zinazowafungia.

Wakili wa Pwani

Chifu, kwa haki lazima useme pia kilichofuata. Baada ya Tampa, SOLAS na mkataba wa utafutaji na uokoaji vilirekebishwa mwaka 2004, vikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2006. Serikali yenye dhamana ya eneo husika la uokoaji ndiyo inayotakiwa kuhakikisha waliookolewa wanateremshwa mahali salama mapema iwezekanavyo, na nahodha anaachiliwa aendelee na safari bila usumbufu mkubwa.

Chifu wa Zamu

Wakili, "kuhakikisha" si "kuwapokea kwangu". Na Malta, yenye eneo kubwa la uokoaji katikati ya Mediterania, ilikataa marekebisho hayo. Matokeo yake ni Agosti 2020: tangi la mafuta Maersk Etienne, bendera ya Denmark, linaombwa na Malta liwachukue watu 27. Likawachukua, boti yao ikazama. Likabaki nao siku 38. Baadhi walijirusha majini kwa kukata tamaa wakavuliwa tena. Mwisho walihamishiwa kwenye meli ya shirika la uokoaji na kupelekwa Sicily. Hayo ni miaka 14 baada ya marekebisho yako kuanza kutumika.

Wakili wa Pwani

Siwezi kukataa hilo. Na kuna upande wa pili unaombana nahodha zaidi. Julai 2018 meli ya Italia inayohudumia visima vya mafuta, Asso Ventotto, ilichukua watu 101 ikawarudisha Tripoli. Nahodha alishtakiwa Naples, akahukumiwa kifungo cha mwaka 1, na mahakama ya juu ya Italia ikakazia hukumu hiyo 2024. Hoja ni kwamba Libya si mahali salama, kwa hiyo kuwaokoa na kuwatua huko hakukuwa kumaliza wajibu.

Mbishi wa Mbagala

Kwa hiyo asipookoa kosa, akiokoa akawashusha pabaya kosa, akitaka kuwashusha pazuri anafungiwa bandari. Sasa kapteni afanyeje jamani?

Chifu wa Zamu

Anaokoa. Halafu kila kitu kwa maandishi. Anakiomba kituo cha uratibu mahali salama kwa barua pepe, si kwa redio tu. Anawajulisha nchi ya bendera, kampuni na klabu ya bima saa hiyohiyo. Akiambiwa "warudishe ulikowatoa" anauliza jina na cheo cha anayetoa amri na kuandika muda. Anahesabu watu, wagonjwa, maji na chakula, na kutuma hesabu hiyo kila siku. Na hakuna sauti ya kwenye simu ya kumpangia wapi pa kuwatua watu kama mahali penyewe hapajulikani kuwa salama. Wale wa Asso Ventotto walijitetea kwa maelekezo waliyodai kupewa, haikuwasaidia.

Binti Kisauni

Asanteni wakuu. Mwenye kanuni ya 33 kwa Kiswahili aiweke hapa tafadhali. Nataka kuipeleka kwa wavuvi wetu wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufuo, wanayo nafasi ukutani pale ofisini.

Wakili wa Pwani

Dada, lugha rasmi za shirika la bahari la Umoja wa Mataifa ni sita na Kiswahili hakimo. Nitaitafsiri wikiendi hii niiweke hapa. Chifu na Mzee muipitie kabla haijabandikwa, msije mkaniachia nikaandika kama hati ya kiwanja.

Mzee Serahangi

Lete. Ila weka na maelezo ya ngazi, kwamba ishikwe wimbi likiwa juu.